Namna ya Kufuma Kifuko cha Karata kwa Sindano Mbili

Pakiti ya karata huuzwa ndani ya kijisanduku cha karatasi ngumu ambacho hakikutengenezwa kustahimili kufunguliwa na kufungwa kila siku. Ulimi wake wa juu huanza kukatika kwenye mkunjo, gundi ya pembe za chini huachia, na mwenye karata huishia kuzifunga kwa mpira, nao mpira huzikata kingo za karata ya juu na ya chini mpaka wachezaji wakaanza kuzitambua kwa mgongo. Sisi tunaoishi Mombasa tuna shida nyingine juu ya hiyo: karata za karatasi hunyonya unyevu wa hewa ya pwani kupitia kingo zake, zikavimba na kupinda, na zile zinazochezewa barazani au ufuoni huingiwa na chembe za mchanga zinazokwaruza uso wake kila zinapochanganywa.

Kifuko cha kufuma hakiwezi kuzuia unyevu wa hewa, na ni vyema jambo hilo lijulikane tangu mwanzo. Kinachoweza kufanya ni kuzishika karata zikiwa zimebanana bapa ili zisipate nafasi ya kupinda, kuzikinga na mchanga na jasho la mkono, na kuhakikisha hakuna hata moja inayoponyoka mkobani. Kazi hiyo yote inategemea kitu kimoja, nacho ni kipimo. Kifuko kikilegea, karata hulala mshazari ndani yake na kukunjika pembe. Kikibana kupita kiasi, huzikunja wakati wa kuziingiza. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa kwenye vipimo kwa muda mrefu kabla ya kufika kwenye sindano, na ninamsihi msomaji asiiruke sehemu hiyo.

Kuzipima karata

Ziweke karata zote 52 juu ya meza, pamoja na jokari ikiwa unazihifadhi humo, uzisawazishe kila upande, kisha upime upana, urefu na unene wake kwa rula bila kuzikandamiza. Karata zilizo nyingi ni za upana wa aina mbili. Zile pana huwa na milimita 63 kwa 88, na zile nyembamba huwa na milimita 57 kwa 89. Unene wa karata 52 mpya ni takriban milimita 16, lakini karata zilizochezewa muda mrefu huwa nene zaidi kwa kuwa zimejipinda na kuacha hewa katikati, hivyo pima zile ulizonazo wewe badala ya kutegemea tarakimu zangu.

Kifuko hiki hufumwa kama utepe mmoja mrefu unaokunjwa chini na kushonwa mbavuni. Ili kuupata upana wa utepe, jumlisha upana wa karata na unene wake: 63 na 16 ni milimita 79. Hesabu hiyo inatokana na ukweli kwamba utepe unazunguka upana mara mbili na unene mara mbili, na kila upande mmoja wa kifuko unachukua nusu ya mzunguko huo. Ili kuupata urefu bila kifuniko, zidisha urefu wa karata mara mbili na uongeze unene wa kitako: 88 mara mbili ni 176, ukiongeza 16 unapata milimita 192. Ziandike tarakimu hizi mbili pembeni, kwa kuwa kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Uzi na sindano

Uzi ninaoupendekeza ni wa pamba, wenye unene wa kati, ule ambao lebo yake inaonyesha sindano ya milimita 4. Pamba hufulika vizuri, haichomi mkono kwenye joto letu, na kitambaa chake kina uzito unaokifanya kifuko kikae wima. Upungufu wake ni kwamba hainyumbuki sana, na ikishavutika huwa haijirudi, kwa hiyo kifuko cha pamba hufumwa kwa kipimo kamili cha karata. Uzi wa akriliki, ambao ndio unaofumiwa sweta nyingi za shule, ni rahisi kwa bei, haunywi maji kwa wingi, na unanyumbuka. Kifuko chake kinaweza kupunguzwa vitanzi viwili kikazikumbatia karata vizuri zaidi. Ubaya wake ni vinyweleo vinavyojiviringisha juu ya kitambaa baada ya miezi ya kusuguliwa mkobani. Uzi wa sufu siushauri kwa kazi hii hapa pwani, kwani nondo huupenda na joto halituruhusu kuushika kwa raha.

Donge moja la gramu 50 linatosha kifuko kimoja, kipande cha majaribio, na akiba itakayobaki. Anayekwenda Barabara ya Biashara kutafuta leso anaweza kuulizia uzi na vifungo papo hapo katika maduka yanayouza vifaa vya mafundi wa cherehani. Kifungo kiwe cha milimita 15 hivi. Vifungo vya kifuu cha nazi vinapendeza sana kwenye pamba isiyotiwa rangi, ila kipitishe kidole ukingoni kabla ya kukinunua, maana kisicholainishwa vizuri kitakuwa kinanasa uzi kila kinapopita kwenye tundu.

Sindano ziwe za milimita 3.25, ambazo katika hesabu ya zamani ya Kiingereza ni namba 10. Katika hesabu hiyo namba hupanda jinsi sindano inavyozidi kuwa nyembamba, hivyo namba 8, ambayo ni milimita 4, ni nene kuliko namba 10. Nimechagua kwa makusudi sindano iliyo nyembamba kuliko ile ya kwenye lebo, kwa kuwa tunataka kitambaa kilichoshikamana, kisichopitisha mchanga kirahisi wala kuruhusu pembe ya karata ichungulie nje. Utahitaji pia sindano butu yenye tundu kubwa ya kushonea, mkasi, rula na uzi kidogo wa rangi nyingine wa kuwekea alama.

Mishono miwili

Kazi nzima inahitaji mishono miwili tu. Katika mshono wa kawaida, uzi unakaa nyuma ya kazi. Sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, inazungushiwa uzi, inauvuta uzi huo mbele kupitia kitanzini, kisha kitanzi cha zamani kinaachiwa kidondoke kutoka sindano ya kushoto. Katika mshono wa kinyume, uzi unakaa mbele. Sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele, inazungushiwa uzi, na kuusukuma nyuma kupitia kitanzini. Ukifuma mistari yote kwa mshono wa kawaida unapata kitambaa chenye matuta pande zote mbili, ambacho hakijikunji. Ukifuma mstari mmoja wa kawaida na mmoja wa kinyume kwa kupokezana, unapata kitambaa laini ambacho upande wake wa nje una safu za herufi V, lakini kingo zake hujiviringisha. Tutatumia kitambaa laini kwa mwili wa kifuko na matuta kwa kingo zinazobaki wazi.

Kagua namna vitanzi vinavyokaa kwenye sindano. Kitanzi kilichokaa sawasawa kina mguu wake wa kulia mbele ya sindano na wa kushoto nyuma yake. Ukiona mguu wa kushoto ndio uliotangulia mbele, kitanzi kimegeuka, na kikifumwa hivyo kitajisokota na kuacha alama inayoonekana kwenye kitambaa laini. Wale ambao mikono yao imezoea kudarizi kofia huizoea kazi hii upesi, kwa sababu wanajua tayari kuuvuta uzi kwa nguvu ileile kuanzia tundu la kwanza hadi la mwisho.

Kipande cha majaribio

Anzisha vitanzi 30, yaani vitie vitanzi vya mwanzo kwenye sindano, na ufume mistari 40 ya kitambaa laini, kisha ufunge, yaani fuma vitanzi na kupitisha kila kilichotangulia juu ya kinachofuata kidondoke, mpaka viishe. Kifue kipande hicho kama utakavyokuwa ukikifua kifuko, kikaushe kwa kukilaza bapa, na ndipo ukipime, kwa kuwa pamba huweza kujikunyata kidogo katika kufuliwa kwa mara ya kwanza. Weka rula katikati, mbali na kingo, na uhesabu safu za V zilizo ndani ya sentimita 10. Tunatafuta vitanzi 24 kwa upana na mistari 32 kwa urefu.

Tofauti inayoonekana ndogo hapa huleta matokeo makubwa. Mfumaji anayepata vitanzi 22 badala ya 24, akifuata idadi yangu bila kubadili sindano, atapata kifuko chenye mzunguko wa sentimita 18 hivi kwa karata zinazohitaji 15.8, na humo karata zitakuwa zikitembea. Ukipata vitanzi pungufu, tumia sindano nyembamba zaidi. Ukipata vingi, tumia nene zaidi. Anayependa uzi na sindano alizonazo anaweza pia kuacha sindano kama zilivyo na kubadili idadi ya vitanzi: zidisha upana unaotakiwa kwa idadi ya vitanzi vya sentimita moja, peleka jibu kwenye namba shufwa iliyo juu yake, kisha ongeza vitanzi viwili vitakavyomezwa na mshono wa mbavuni. Kwa mfano wetu, 7.9 mara 2.4 ni karibu 19, tunakwenda 20, na kwa mshono tunapata 22. Kwa karata nyembamba za milimita 57, hesabu hiyohiyo inatoa vitanzi 20.

Kufuma mwili

Anzisha vitanzi 22 kwa njia ya kidole gumba, ukiacha mkia wa sentimita 80 hivi, kwani sehemu yake itatumika kuanzishia na inayobaki itashonea ubavu mmoja. Usivikaze vitanzi vya mwanzo, kwa maana ndivyo vitakavyokuwa mdomo wa kifuko upande wa mbele, na mdomo uliokazwa hukwangua karata zinapoingia.

Mstari wa 1 hadi wa 4 ifume yote kwa mshono wa kawaida. Kuanzia mstari wa 5, fuma mistari isiyogawanyika kwa mbili kwa mshono wa kawaida na inayogawanyika kwa mshono wa kinyume, na uendelee hivyo mpaka umalize mstari wa 62. Kwenye mistari 32 kwa sentimita 10, mistari 62 inatoa sentimita 19.4, ambazo ndizo milimita 192 tulizohesabu pamoja na ziada ndogo. Ukiwa kati ya mstari wa 31 na wa 32, funga kijiuzi cha rangi kila ukingo kuonyesha mahali pa kukunja. Fanya vivyo hivyo mwisho wa mstari wa 62, mahali kifuniko kinapoanzia.

Kabla ya kuendelea, zizungushie karata utepe huo sindano zikiwa bado ndani yake. Ukingo wa mwanzo unapaswa kufika sawa na kingo za juu za karata mbele, na sindano iwe sawa nazo nyuma. Ikiwa karata zako zimevimba na kitambaa hakijafika, ongeza mistari miwili ukiwa papo hapo, au minne ikihitajika, na uhamishe alama zako za rangi kulingana na nyongeza hiyo. Hiki ndicho kipimo cha mwisho ambacho bado ni rahisi kurekebisha.

Kifuniko

Kifuniko kinafaa kuwa chembamba kidogo kuliko utepe, kwa sababu vitanzi vya ukingoni mwa mwili vitapotelea ndani ya mshono na vya kifuniko havitapotea. Kwa hiyo katika mstari wa kwanza wa kifuniko, ukiwa upande wa nje, fuma vitanzi viwili vya kwanza kwa pamoja, fuma 18 kwa kawaida, na viwili vya mwisho uvifume pamoja. Utabaki na vitanzi 20.

Katika mistari 11 inayofuata, kila ukiwa upande wa ndani fuma vitatu kwa kawaida, 14 kwa kinyume na vitatu kwa kawaida. Kila ukiwa upande wa nje fuma vyote kwa kawaida. Vile vitatu vya kila upande vinaleta matuta yanayozuia kingo zisijiviringishe. Kisha fuma mistari miwili yote kwa kawaida na ufike kwenye mstari wa tundu la kifungo. Hapo fuma vitanzi tisa, funga viwili, na umalize vilivyobaki; baada ya kufunga, hakikisha kuna vitanzi tisa kila upande wa pengo, ukikihesabu kile kilichobaki kwenye sindano ya kulia. Unaporudi, fuma tisa, anzisha viwili vipya juu ya pengo, na umalizie tisa. Fuma mistari miwili zaidi kwa kawaida na ufunge vitanzi vyote kwa mkono mwepesi.

Ua la uru

Mapambo si lazima, lakini uru mmoja mwekundu nyuma ya kifuko hupendeza na hutambulisha kilichomo. Nimesema nyuma kwa sababu mbili: mbele kuna kifuniko kinachoficha sehemu ya nafasi, na kwa kuwa utepe umefumwa ukishuka mbele na kupanda nyuma, ni upande wa nyuma tu ambako herufi V zimesimama wima. Ua hili hushonwa juu ya kitambaa kwa sindano butu, kabla ya kuunganisha mbavu, kwa kufuata njia ya kila V: sindano inatokea kwenye ncha ya chini ya V, inapita nyuma ya miguu miwili ya V iliyo juu yake, na kurudi pale ilipotokea.

Anzia mstari wa 42 na upande juu kwa mistari 13, ukifunika vitanzi 2, 2, 4, 4, 6, 6, 8, 6, 6, 4, 4, 2, na 2, vyote vikiwa katikati ya utepe. Mistari imerudiwa kwa kuwa kitanzi ni kipana kuliko kimo chake. Ua lisilorudiwa mistari hutokea limebonyea.

Kuunganisha

Kunja utepe kwenye alama ya katikati, upande wa nje ukiwa nje, na uzilaze kingo mbili bega kwa bega. Ukikivuta kidogo kitanzi cha ukingoni, utaona kati yake na kinachokifuata vijiuzi vya mlalo mithili ya ngazi. Pitisha sindano chini ya vijiuzi viwili upande wa kulia, kisha chini ya viwili upande wa kushoto, ukirudi kila mara kwenye tundu ulilotokea, na baada ya sentimita mbili hivi uvute uzi taratibu. Kingo zitafungana na uzi wa kushonea hautaonekana kabisa. Usivute mpaka mshono ukunyate. Ulinganishe na urefu wa kitambaa kilicho pembeni yake. Ubavu wa pili ushonee kwa kipande kipya cha uzi cha sentimita 40.

Kisha geuza kifuko ndani nje ili kutengeneza kitako. Ibane kila pembe ya chini iwe pembetatu, mshono wa ubavu ukiwa katikati yake, na ushone mstari unaoikata pembe hiyo mahali ambapo upana wake ni sawa na unene wa karata, yaani milimita 16, takriban milimita 8 kutoka kwenye ncha. Hatua hii ni ndogo lakini ndiyo inayokifanya kifuko kiwe na umbo la pakiti, na karata za kingoni hazitakutana na pembe iliyochongoka. Ficha mikia yote ya uzi kwa kuipitisha ndani ya mishono kwa sentimita tano, kisha uikate.

Mahali pa kifungo hapapimwi kwa rula. Tia karata ndani, lete kifuniko mbele mpaka kitulie bila kuvutwa, na uweke alama kupitia kwenye tundu. Toa karata kabla ya kushona. Weka njiti ya kiberiti kati ya kifungo na kitambaa unaposhona, uiondoe ukimaliza, na uzungushie uzi mara chache kwenye nafasi iliyobaki. Kifungo kitapata shina fupi na hakitabonyeza karata.

Kwa wanaocheza michezo inayoacha nje nane, tisa na kumi, kijisanduku cha zamani kina kazi moja ya mwisho: kata upande wake ulio mzima kwa ukubwa wa karata na uutumie kama kigawanyo kati ya karata zinazochezwa na zile zilizotengwa, ili ziishi pamoja bila kuchanganyika.

Kufua na kukausha

Fua kwa mkono, kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, na usikikamue kwa kukisokota. Kikunje ndani ya taulo, ukikandamize, kisha ukilaze bapa kivulini penye upepo. Majira ya masika pamba nene huchukua muda mrefu kukauka hata inapoonekana kavu kwa nje, na unyevu hujificha zaidi kwenye mishono ya kitako. Tia kidole ndani ya pembe za chini. Zikiwa bado na ubaridi, karata zisubiri siku nyingine mezani.